Shahada ya fedha: Kilwa na Lindi kazi ipo, lakini si kwa kila mwenye cheti

Kila msimu wa ufuta unapofika, na magunia yakapangwa katika maghala ya Kilwa na Lindi kusubiri mnada, wapo wazazi ambao mauzo hayo wameshayapangia kazi: ada ya mtoto aliyepata nafasi chuoni. Kijana akisema anakwenda kusomea fedha, swali linaloulizwa nyumbani ni la kibiashara na linastahili jibu la kibiashara. Je, mtaji huu utarudi?

Kinachosomwa

Wengi huchanganya fedha na uhasibu. Mhasibu huandika na kuthibitisha yaliyokwisha kutokea. Mtu wa fedha hukadiria yatakayotokea, akauliza kama shilingi inayotolewa leo itarudi na faida ya kutosha kufidia muda na hatari. Hivyo mwanafunzi husoma thamani ya fedha kwa muda, gharama ya mtaji, mikopo na dhamana, hisa na hatifungani, bima, pamoja na uchambuzi wa miradi. Uhasibu, takwimu na sheria za biashara havikwepeki.

Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1972. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua Kitivo cha Biashara na Menejimenti mwaka 1979, na Mzumbe nayo hufundisha fani hizi. Kwa kijana wa kusini asiyetaka kuvuka Rufiji, Taasisi ya Uhasibu Tanzania ina kampasi Mtwara.

Soko la ajira lilivyobadilika

Baada ya mabenki kutaifishwa mwaka 1967, msomi wa fedha alikuwa na milango michache: Hazina, Benki Kuu, Benki ya Taifa ya Biashara au shirika la umma. Sheria ya mabenki ya mwaka 1991 iliruhusu mabenki binafsi, na Benki ya Taifa ya Biashara ikagawanywa mwaka 1997, ndipo NMB ikazaliwa. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo Aprili 1998. Zikazaliwa kazi ambazo awali hazikuwapo au zilikuwa za watu wachache: mchambuzi wa mikopo, dalali wa hisa, meneja wa mfuko wa uwekezaji, msimamizi wa hatari.

Nyingi ya kazi hizo ziko Dar es Salaam. Hata hivyo, ukiangalia mwambao wa Lindi kwa makini, utaona kazi ya fedha imelala chini bila mwenye kuiokota.

Hesabu ya kangomba

Tuchukue mfano, si bei ya soko. Mwezi Mei mkulima wa korosho anahitaji shilingi 100,000 kwa ada na dawa ya kupulizia. Mnunuzi wa kangomba anampa, kwa sharti la kulipwa kilo 60 za korosho Oktoba. Mnada ukifikia shilingi 2,500 kwa kilo, korosho hizo ni shilingi 150,000. Mkulima amelipa riba ya asilimia 50 kwa miezi mitano. Benki inayotoza asilimia 18 kwa mwaka ingechukua shilingi 7,500 tu kwa muda huo huo.

Kwa nini basi benki haikopeshi? Gharama ya kuchambua mkopo mdogo ni kubwa, dhamana ya ardhi mara nyingi haina hati, na mkulima hana kumbukumbu za mapato. Lakini mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza na korosho msimu wa 2007/08 na baadaye ukaingia kwenye ufuta, umeacha kumbukumbu hizo katika vitabu vya vyama vya msingi: kilo alizopeleka mkulima, msimu hadi msimu. Afisa mikopo anayejua kuzisoma, na anayejua kwamba mvua ikichelewa Nanjirinji malipo nayo yatachelewa, anaweza kuandaa mkopo unaolipika. Hapo ndipo shahada inapozaa.

Vyama vikuu kama Lindi Mwambao na RUNALI navyo hupitisha fedha nyingi kwa miezi michache. Mtu wa kupanga mzunguko huo, kulinganisha makato na kujibu maswali ya mkaguzi wa COASCO si wa anasa. Mkulima anapochelewa kulipwa, mara nyingi tatizo huanzia kwenye hesabu zilizopangwa vibaya.

Gesi na bahari

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, lakini ilifika Dar es Salaam kuzalisha umeme mwaka 2004. Mradi wa kiwanda cha amonia uliofikiriwa Kilwa katika miaka ya 1980 haukupata fedha, ukafa. Gesi ilikuwapo muda wote huo. Kilichokosekana ni wanunuzi wenye mkataba wa kuaminika na wakopeshaji walioridhika nao. Hilo ndilo somo la fedha za miradi, na mfano wake uko mlangoni kwa watu wa Kilwa.

Halmashauri nayo inahitaji wataalamu. Ushuru wa huduma hutozwa kwa asilimia ya mauzo ya kampuni, hivyo mweka hazina asiyeweza kusoma hesabu za kampuni ya gesi atapokea anachopewa. Bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, iliyogharimiwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 260, italeta mahitaji mengine: mikopo ya boti na barafu, bima ya vyombo, mikataba ya kuuza pweza na samaki nje.

Tahadhari kwa mzazi

Kwanza, dirisha la benki si kazi ya kutegemea. Simu na mawakala wamechukua sehemu kubwa ya kazi ya keshia. Pili, shahada peke yake haitoshi. Anayetaka kupanda hana budi kukalia mitihani ya NBAA au ya Taasisi ya Mabenki, na hiyo ni gharama nyingine. Tatu, mkopo wa Bodi ya Mikopo ni deni: mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Ni vyema ukaingizwa kwenye hesabu tangu mwanzo.

Aidha, mwanafunzi asingoje kuhitimu. Mafunzo kwa vitendo katika chama cha msingi msimu wa mnada yanaweza kumfundisha zaidi kuliko kupiga mihuri katika ofisi ya mjini.

Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe karne nyingi zilizopita, na moja imekutwa Great Zimbabwe. Mji huo haukupungukiwa watu wa kujua thamani ya fedha. Kwa mzazi anayesubiri mnada leo, ushauri ni huu: kama mtoto anataka cheti cha kuombea kazi ya ofisini, mtaji uko hatarini. Kama anataka kujua kwa nini jirani yake analipa asilimia 50, na nini kifanyike, gunia la ufuta limepata mnunuzi mzuri.