Je, Wajua? Tovuti ya London Inaweza Kufika Same Ikitokea Dar es Salaam

Mtu aliyeko Same mjini akifungua tovuti ambayo seva yake iko London, ombi lake husafiri zaidi ya kilomita 7,000. Ndani ya nyaya za fiba mwanga hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo safari ya kwenda na kurudi haiwezi kupungua milisekunde 70. Na ukurasa mmoja hutuma maombi mengi.

Dawa yake ni mtandao wa kusambaza maudhui. Nakala za tovuti huwekwa kwenye seva zilizotapakaa duniani, na msomaji akahudumiwa na iliyo karibu naye, Dar es Salaam au Nairobi. Kampuni ya Akamai ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1998, ni miongoni mwa waanzilishi wa mitandao hiyo.

Wapare waliijua hesabu hii, ya kuweka akiba karibu na mtumiaji, kwa maji. Ndiva, mabwawa madogo ya milimani Upare, hujaa usiku kutoka kwenye vijito. Mchana hufunguliwa, maji yakashuka mashambani kwa zamu.

Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikazorota vibaya Tanzania. Nakala iliyokwisha kuhifadhiwa nchini haina haja ya kuvuka bahari.

Lakini si kila kitu kinafaa kunakiliwa. Salio la benki hubadilika kila mara, hivyo lazima liulizwe kwenye seva yenyewe. Picha za vifaru weusi wa Hifadhi ya Mkomazi, ambazo hazibadiliki na ni nzito kupakua, ndizo hasa zinazofaidika.