Njama Inapofika Mwisho: Jinsi ya Kupanga Awamu ya Kufungia Hadithi ya Mfululizo

Utangulizi

Mwandishi wa ridhaa anapoanza hadithi ya njama kwa mfululizo, mwanzo haumpi shida. Sehemu ya kwanza, maiti inaokotwa kando ya reli. Ya pili, jalada la siri halionekani kabatini. Ya tatu, simu inalia usiku wa manane na anayepiga hasemi neno. Wenzake bwenini wanagombea kusoma, wanamsimamisha njiani na kumwuliza, "Vipi, yule mzee wa kofia ni wa upande gani?" Naye anacheka, anajibu, "Subirini." Ukweli ni kwamba hata yeye mwenyewe hajui.

Shida huja pale anapoamua kwamba awamu ijayo (wengine siku hizi husema msimu) ndiyo ya mwisho. Hapo "subirini" haifai tena. Wengi huacha hadithi ikafa kimya kimya, na wengine huongeza maiti mpaka mwisho na kuita hiyo taharuki.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi awamu ya mwisho inavyoweza kupangwa, kwa kutazama riwaya zetu za upelelezi na ujasusi, na kwa kuzingatia mazingira yetu ya Dodoma na uwanda wa kati. Hoja ninayoitetea ni moja: awamu hiyo hupangwa kwa kulipa madeni ya msomaji. Mwandishi anayeendelea kukopa mpaka ukurasa wa mwisho anamdhulumu msomaji wake.

Mfululizo wa visa na mfululizo wa njama

Kwanza tutofautishe mambo mawili ambayo huchanganywa. Upo mfululizo wa visa, na upo mfululizo wa njama.

Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla ni mfano wa aina ya kwanza. Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuingia katika kazi ya magazeti. Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi ya 1957-58, ikachapishwa 1960. Zikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Kila kitabu kina fumbo lake na kila fumbo linafumbuliwa humo humo. Msomaji anayeanzia kitabu cha nne hapotei. Deni hukopwa sura ya kwanza na kulipwa sura ya mwisho, kisha Bwana Msa anabaki na kiko chake akingoja kisa kingine.

Willy Gamba wa Elvis Musiba naye hupewa kazi moja kila kitabu. Katika Kufa na Kupona (1974) siri za wapigania uhuru zinaibwa Dar es Salaam na yeye anatumwa Nairobi. Katika Kikosi cha Kisasi (1979) anakwenda Kinshasa. Lakini hapa kuna kitu kinachovuka kutoka kitabu hadi kitabu, nacho ni adui: wakoloni, makaburu na vibaraka wao. Kwa hiyo Musiba anasimama kati ya aina hizi mbili.

Vijana wetu wa leo huandika aina ya pili kamili. Njama ni moja, sehemu ni ishirini au arobaini, na hakuna linalofungwa mpaka mwisho kabisa. Maana yake ni kwamba deni linalimbikizwa. Ndiyo sababu hawawezi kuwaiga wazee hawa moja kwa moja katika kumaliza, hata kama wamewaiga katika kuanza. Na wasijitetee kwamba wao si waandishi wa kazi. Abdulla alianzia kwenye ukaguzi wa afya, na Musiba alikuwa mfanyabiashara aliyekuja kuongoza Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo ya Tanzania. Kuwa na kazi nyingine hakujawahi kumzuia mtu kumaliza hadithi.

Daftari la madeni

Hatua ya kwanza, kabla ya kuandika sentensi hata moja ya awamu ya mwisho, ni kusoma upya sehemu zote zilizotangulia ukiwa na daftari pembeni. Andika kila swali uliloliacha wazi. Nani alifuta jina kwenye orodha? Kwa nini mke wa mkurugenzi alihama ghafla? Yule mlinzi aliyeona gari la kijani alikwenda wapi?

Ukimaliza, yagawe maswali hayo katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yale ambayo hadithi haiwezi kusimama bila majibu yake. Hayo hayazidi matano au sita, na kila moja lipewe sehemu yake ya kujibiwa. Fungu la pili ni madogo yanayoweza kulipwa kwa sentensi moja ndani ya mazungumzo. Mlinzi alirudi kwao Manyoni, analima alizeti, basi. Fungu la tatu ni yale utakayoyaacha wazi kwa makusudi, kwa sababu hata maishani hayana jibu. Fungu hili liwe dogo sana. Msomaji anasamehe swali moja lililoachwa kwa makusudi, lakini hasamehi kumi yaliyosahauliwa, na anajua tofauti.

Anza na siri, kisha rudi nyuma

Hatua ya pili ni kuiandika njama yenyewe kwenye ukurasa mmoja, kwa lugha kavu, kama vile unatoa ushahidi mahakamani. Nani walikaa, lini, wapi, walitaka nini, nani alilipa, nani alinufaika. Ukurasa huo msomaji hatauona, ila bila huo mwandishi anapapasa gizani.

Hapa ndipo udhaifu mkubwa hujitokeza. Mwandishi aliyekuwa akiongeza wakubwa kila sehemu (nyuma ya mkurugenzi yupo waziri, nyuma ya waziri ipo kampuni ya nje, nyuma ya kampuni lipo shirika la kijasusi) anakuta njama yake inahitaji watu mia tatu wanyamaze kwa miaka kumi. Jamani, watu mia tatu! Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Njama yoyote ina kata yake: karani, dereva, mpiga chapa, mpishi aliyepeleka chai chumbani. Mtu huyo mdogo ndiye mlango halali wa kuingilia katika siri, na mara nyingi alikwisha kupita katika sehemu za mwanzo bila mtu kumtilia maanani. Mtafute huko huko, usimzue mpya. Njama ikipunguzwa ukubwa katika awamu ya mwisho hupata nguvu, kwa kuwa msomaji anaanza kumwona binadamu mwenye tamaa na woga mahali alipokuwa akiona kivuli.

Swali libadilike

Hatua ya tatu ni kugawa ufichuzi. Wengi huweka kila kitu katika sehemu ya mwisho: shujaa amefungwa kwenye kiti, adui anatoa hotuba ya kurasa sita akieleza alivyofanya, kisha polisi wanavunja mlango. Mbinu hii imechoka, na tena inamgeuza shujaa kuwa msikilizaji tu.

Tuseme awamu ina sehemu kumi. Napendekeza jina la mhusika mkuu wa njama lijulikane kwenye ya saba. Hadi hapo swali lilikuwa "nani?" Kuanzia hapo liwe "sasa tufanye nini?" Ushahidi upo lakini mwenye mamlaka ya kuupokea ni shemeji yake mtuhumiwa. Karani aliyetoa siri ana watoto wanaosoma. Gazeti liko tayari kuchapa, ila linataka majina ya mashahidi. Hapo hadithi ya kusisimua inakuwa hadithi ya maadili, na wale wahakiki wanaodai kwamba fasihi pendwa ni ya kuua muda tu watakuwa na kazi ya kutujibu.

Kwa nini isifie Dodoma?

Tanzu hii kwetu imeishi zaidi Dar es Salaam: baa, hoteli, bandari, vichochoro. Makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU yalikuwa huko tangu 1963, kwa hiyo majasusi wa vitabuni nao wakakaa huko. Lakini mwandishi anayeishi uwanda wa kati ana hazina iliyo karibu zaidi.

Tazama Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha hapo mpango wa karanga ambao ulivunjwa 1951 baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Mwaka 1964 Kongwa hiyo hiyo ikawa na kambi ya wapigania uhuru: FRELIMO, ANC, SWAPO na wengineo walipitia hapo, na wapo waliozikwa hapo. Tazama pia kuhamia Dodoma kwenyewe. TANU iliamua 1973, serikali ikatangaza kuhama kwa vitendo Julai 2016, na sheria ya kuitambua Dodoma kuwa makao makuu ikapitishwa 2018. Ofisi nzima nzima zikasafirisha makabati umbali wa kilomita 450 hivi. Kwa mwandishi wa njama, jalada lililotoka Dar es Salaam na halikufika Mtumba ni hadithi inayojiandika yenyewe.

Hata hivyo mahali pana masharti yake. Mbinu za kufuatilia mtu Kariakoo hazifai Bahi. Kwenye mbuga tambarare, yenye mibuyu michache na vumbi, gari huonekana kabla halijasikika, na mgeni akishuka kijijini watoto wanajua kabla mwenyekiti hajaambiwa. Jasusi wa uwanda wa kati hana pa kujificha, kwa hiyo lazima awe na sababu halali ya kuwapo: mnunuzi wa mahindi Kibaigwa, mkaguzi wa visima, mwanafunzi wa utafiti. Angalia na saa. Hadithi iliyoanza kabla ya 2024 na kutegemea kwamba mtu hawezi kuwa Dar es Salaam asubuhi na Dodoma mchana kwa njia ya ardhini, sasa inavunjwa na treni ya umeme inayotumia takriban saa nne. Mshitakiwa aliyejificha nyuma ya ratiba ya basi ataulizwa swali jipya.

Shujaa afe au aishi?

Swali hili hugombanisha wasomaji kuliko yote. Arthur Conan Doyle alimuua Sherlock Holmes 1893 kwa sababu alikuwa amemchoka, na 1903 akalazimika kumrudisha hai. Kifo kile hakikulipa deni lolote la msomaji, kilikuwa mapumziko ya mwandishi. Kwetu, Ben Mtobwa alimwita Joram Kiango katika kitabu chenye jina la swali, Tutarudi na Roho Zetu? Ni jina zuri, lakini msomaji wa mfululizo anajua jibu, maana anajua kipo kitabu kingine kinachokuja. Ni katika awamu ya mwisho tu ndipo swali hilo linaulizwa kwa dhati. Mwandishi aitumie nafasi hiyo hata kama mwishowe shujaa atapona.

Njia nyingine inadokezwa na jina la Kosa la Bwana Msa. Mpelelezi aliyekuwa sahihi miaka yote anaweza kukosea. Awamu ya mwisho ndiyo mahali pa kumwonyesha shujaa gharama ya makosa yake: mtu asiye na hatia aliyemshuku katika sehemu ya tano na jina lake likachafuka. Je, alimwomba radhi? Deni hilo nalo liandikwe daftarini.

Njama za vitabuni na wafu wa kweli

La mwisho ndilo zito. Nchi hii imeshuhudia njama za kweli. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Imeshuhudia pia misiba ambayo watu wameigeuza njama. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki kwa ajali ya gari eneo la Dakawa, Morogoro, akitoka Dodoma bungeni. Taarifa ya serikali ilisema ni ajali, lakini minong'ono haijaisha hadi leo.

Mwandishi wa kwetu anaishi kwenye barabara hiyo hiyo, na kishawishi ni kikubwa. Amalize hadithi yake kwa "kufichua" kifo cha mtu wa kweli, na sifa zitamiminika. Naona hilo ni kosa. Anayesoma riwaya amekubali kudanganywa kwa muda. Akipewa uzushi juu ya marehemu mwenye watoto na wajukuu, udanganyifu huo hauishi kitabu kinapofungwa. Vivyo hivyo anayetaka msaliti wake awe mpiganaji wa Kongwa afikirie makaburi yaliyopo pale. Abuni chama, abuni jina, abuni mwaka. Hofu ya zama zile anaweza kuichukua yote. Majina aliyoyakuta makaburini ayaache.

Hitimisho

Mwaka 1994 Afrika Kusini ilipiga kura ya watu wote, na Kamati ya Ukombozi ikafunga kazi yake. Adui aliyempa Willy Gamba uzito aliondolewa na historia yenyewe. Njama zinazoandikwa sasa na wanafunzi wenzetu, za ardhi, za zabuni, za majalada, hazitapata bahati ya kumalizwa na historia. Lazima zimalizwe na waandishi wenyewe. Basi kabla hujatangaza kwamba awamu ijayo ndiyo ya mwisho, nunua daftari, anza sehemu ya kwanza, na hesabu unadaiwa kiasi gani. Walimu wetu nao tunawaomba wazisome hadithi hizi na kuzihakiki kwa ukali ule ule wanaoutumia kwa riwaya za darasani. Mwandishi asiyedaiwa na mtu hana haraka ya kulipa.