Majina ya Marafiki katika Hip-hop ya Kiswahili: Mtazamo kutoka Nachingwea na Ruangwa

Mara nyingi, nyimbo za hip-hop zinapoandikwa kwa ajili ya uhakiki, unukuzi huanzia ubeti wa kwanza na kukomea kiitikio cha mwisho. Majina ya marafiki, mitaa na watayarishaji wa muziki yanayotajwa mwanzoni na mwishoni huachwa, kana kwamba ni porojo za studio. Makala hii inadai kwamba majina hayo ni sehemu ya matini.

Jadi ya ushairi wa Kiswahili inaunga mkono dai hili. Katika beti za kuhitimisha utendi wake, Mwana Kupona binti Mshamu anataja jina lake, Pate alikozaliwa, na mwaka 1275 wa Hijria. Beti hizo huhesabiwa kuwa sehemu ya utendi. Tofauti ni kwamba Mwana Kupona anajitaja mwenyewe, ilhali msanii wa hip-hop huwataja pia wenzake, kwa kuwa kazi yake ni zao la wengi: mmoja hutengeneza mdundo, mwingine huchana, wa tatu hutoa nauli ya kwenda studio.

Urafiki huo hujitokeza hata katika majina ya makundi. Kwanza Unit, lililoundwa Dar es Salaam mwaka 1993, liliunganisha wasanii waliotoka katika makundi tofauti. Wagosi wa Kaya wa Tanga walijiita kwa neno la Kisambaa lenye maana ya wanaume. TMK Wanaume walibeba jina la Temeke. Walipogawanyika, upande mmoja ukajiita Wanaume Halisi. Kivumishi kimoja kikawa kumbukumbu ya urafiki uliovunjika.

Nachingwea na Ruangwa, wilaya jirani za Mkoa wa Lindi, zinaonyesha uzito wa suala hili. Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde wa kusini wana jadi ya jando, inayowaunganisha vijana wa rika moja, na ya utani, unaomruhusu mtu kumkejeli mwenzake pasipo ugomvi. Kijana aliyekulia humo anapomtaja rafiki kisha akamrushia kijembe, msikilizaji wa nyumbani husikia mapenzi. Mhakiki aliyelifuta jina hilo hubaki na kijembe kitupu, naye hukiita tusi.

Aidha, wimbo wa kijana huyo ukirekodiwa Mtwara au Dar es Salaam, ni rahisi kuorodheshwa kama zao la mji wa studio. Jina la kijiji linalotamkwa kabla ya mdundo kukatika ndilo linaloweza kuurudisha kwao.

Kwa hiyo, unukuzi wa hip-hop unapaswa kuhifadhi majina yote yanayosikika, mahali yanapotokea, na uhusiano wa anayetaja na anayetajwa: ndugu, somo, mtani au mshikaji. Bila hayo, uhakiki utabaki na sauti ya mtu mmoja katika kazi iliyofanywa na wengi.