Polima ya Bombani: Kweli au Si Kweli?

Ukipita Endagikot, wilayani Mbulu, huvikosi vitu vya plastiki: kiroba cha mahindi, dumu la maji, tangi jeusi kando ya nyumba, bomba lililofukiwa ardhini. Vyote hivyo ni polima, yaani molekuli ndogo zilizoungwa hadi zikawa minyororo mirefu. Tunavitegemea kila siku, na vinastahili kuelezwa kwa usahihi kuliko tunavyoelezana vijiweni.

"Plastiki hupikwa kwenye chungu kikubwa, kama ugali wa shughuli."

Kwa PVC, ile ya mabomba magumu ya kijivu, kuna ukweli: hadi leo hutengenezwa kwa mikupuo ndani ya matangi. Kwa polithini laini, ile ya karatasi za nailoni, si kweli. Sehemu kubwa yake huzaliwa ndani ya bomba la chuma lenye urefu wa kilomita moja na zaidi. Gesi ya ethilini husukumwa humo kwa mgandamizo unaozidi ule wa hewa mara 2,000, na oksijeni kidogo au peroksaidi huanzisha muungano. Upande huu inaingia gesi, upande wa pili inatoka plastiki iliyoyeyuka, usiku na mchana; huo ndio utengenezaji wa mtiririko.

Sababu ya kutumia bomba badala ya chungu ni joto. Kila kilo ya polithini inapoungana hutoa joto la kutosha kuchemsha karibu lita 10 za maji. Katikati ya tangi pana joto hilo halina pa kutokea, na ethilini iliyopashwa kupita kiasi husambaratika kwa mlipuko. Ndani ya bomba jembamba ukuta uko karibu, na maji yanayopita nje yake huliondoa joto. Hata hivyo kiwanda hakiharakishi: kwa kawaida robo hadi theluthi ya gesi ndiyo hugeuka katika safari moja, na iliyobaki hurudishwa mwanzo wa bomba. Kwangu mimi huo ndio ufundi wenyewe, kujua kiasi cha kuacha.

"Utengenezaji wa mtiririko ni teknolojia ya juzi."

Si kweli. Eric Fawcett na Reginald Gibson wa kampuni ya ICI waliipata polithini mwaka 1933 nchini Uingereza, na kiwanda cha kwanza kikaanza kazi Septemba 1939. Kipya ni mirija ya maabara, mingine myembamba kuliko milimita moja, ambamo vimiminika huchanganyika kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Jun-ichi Yoshida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alionyesha kwamba kwa mirija hiyo minyororo ya stairini, ambayo katika chupa ilihitaji baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, huundwa karibu na joto la kawaida la chumba, tena kwa urefu unaokaribiana.

"Viwanda vya mabomba vya Dar es Salaam vinatengeneza polima."

Si kweli. Vinayeyusha punje za polima zilizoagizwa nje na kuzipitisha kwenye mashine inayotoa umbo la bomba. Ni kazi ya maana, na ajira ya watu wetu, lakini mnyororo ulishaundwa kwingine.

"Mfuko mbadala wa sokoni si plastiki."

Si kweli. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, ule unaofanana na kitambaa ukachukua nafasi yake. Nyuzi zake ni polipropilini, jamaa wa kiroba. Utumie tena na tena. Usiutupe shambani ukidhani utaoza.

"Tuna gesi ya Songo Songo, kwa hiyo plastiki ni yetu."

Kweli nusu. Gesi hiyo iligunduliwa mwaka 1974 na ikaanza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, lakini karibu yote ni methani. Ethilini hupatikana kwa urahisi kutoka ethani, waliyonayo kwa wingi Qatar na Saudi Arabia, au kutoka mafuta. Methani nayo hugeuzwa kuwa ethilini, ila kwa kupitia methanoli kwanza, njia ndefu yenye gharama kubwa. Kwa hiyo anayetuahidi kiwanda cha polima aulizwe swali hili kabla ya mengine yote: ethilini itatoka wapi, na kwa bei gani?