Vinara wa Mteremko

Kwenye Mlima Kenya na safu ya Nyandarua (Aberdare), rekodi nyingi ni za vitu vinavyoshuka.

Maporomoko ya maji yanayohesabiwa kuwa marefu kuliko yote nchini ni ya Karuru, ndani ya Hifadhi ya Aberdare: mita 273, kwa ngazi tatu. Jirani yake huanguka Gura, mto ambao wenyeji wa Othaya watakuapia kuwa ndio wenye kasi kuliko mito yote ya Afrika. Nani alizunguka bara zima akiwa na saa mkononi, hatuambiwi. Ila ukiusikia ukinguruma msimu wa masika, hutakuwa na hamu ya kubishana.

Gura huingia Sagana, na Sagana ndio Tana, mto mrefu kuliko yote Kenya. Udongo unaomomonyoka mashambani husafiri nao mpaka Masinga, bwawa kubwa kuliko yote nchini, lililokamilika mwaka 1981, na kula nafasi ya maji ya umeme.

Kwa vifo vya maporomoko ya ardhi, mlima wa kuogopwa uko nje ya safu hizi, nao ni Elgon: Bududa, Uganda, tarehe 1 Machi 2010, ardhi ilifukia kijiji cha Nametsi na mamia wakapotea. Nchini Kenya, Pokot Magharibi ilipoteza zaidi ya watu 40 kwa maporomoko kama hayo Novemba 2019.

Taji la ukaidi nawapa wanawake wa Murang'a, iliyoitwa Fort Hall enzi za ukoloni. Serikali iliwalazimisha kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko bila malipo, huku waume wengi wakiwa vibaruani mbali na nyumbani. Julai 1947 mkutano wa hadhara uliamua wanawake waache kazi hiyo. Aprili 1948 wapatao 2,500 walifika bomani wakiimba na kucheza, wakatangaza kwamba kazi za nyumbani zinawatosha. Leo miteremko ile ile ina matuta yaliyoshikwa na majani ya napia, maana ng'ombe wa maziwa anayala. Chifu hakuhitajika.

Nobeli ya Wangari Maathai, mpanda miti wa Ihithe, inajulikana, tuipite. Rekodi isiyosifiwa vya kutosha ni ya 2015: Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, wa kwanza wa aina yake Afrika. Karibu maji yote ya Nairobi hutoka bonde hili, kwa hiyo wanywaji wa chini huchangia miche, mbegu za nyasi na karatasi za kutandika mabwawa madogo ya mvua kwa wakulima wa juu.