Sikio na Njia ya Kusikia: Viungo, Kazi na Matumizi ya Maneno

Sikio (ngeli ya LI-YA) ni kiungo cha kusikia na cha kudumisha mizani ya mwili. Lina sehemu tatu: sikio la nje, la kati na la ndani.

Sikio la nje hukusanya mawimbi ya sauti na kuyapitisha katika mfereji wa takriban sentimita 2.5 hadi kwenye kiwambo. Jina hili linatokana na kitenzi *wamba*, yaani kukaza ngozi juu ya ngoma. Ndiyo maana wengine husema *ngoma ya sikio*.

Nyuma ya kiwambo, katika sikio la kati, mna mifupa mitatu iliyopewa majina kwa maumbo yake: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku, chenye urefu wa milimita 3 hivi, ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini. Mifupa hii huongeza nguvu ya mitetemo na kuifikisha katika koklea, mrija wa sikio la ndani uliojiviringa kama kombe la konokono na kujaa umajimaji. Humo, seli zenye vinyweleo huigeuza mitetemo kuwa ishara za umeme. Neva ya kusikia huzipeleka ishara hizo kwenye shina la ubongo, na hatimaye hufika katika sehemu ya ubongo iliyo karibu na panja, ambako sauti hutambuliwa.

Mgawanyo huu una uzito kwa mfasiri. Nta ikiziba mfereji, sauti huzuiwa njiani. Ikiondolewa, kusikia hurejea. Seli zenye vinyweleo zikifa, kwa mfano kwa kelele kubwa za muda mrefu, hazioti tena. Kuziita hali zote mbili *uziwi* humkatisha tamaa mgonjwa wa kwanza bila sababu.

Tahadhari ihusu pia *sikia* na vinyambuo vyake. Mswahili husikia sauti, harufu, njaa na baridi. Tena husikia kwa maana ya kutii, kama katika methali *Sikio la kufa halisikii dawa*. *Msikivu* ni mtu mtiifu au makini. Kwa hiyo mzazi akiandikiwa *Usikivu wa mtoto umepungua*, huenda akamkanya mtoto anayehitaji tabibu. Iandikwe: *Uwezo wa mtoto wa kusikia sauti umepungua*.