Kriketi: Kenya ilitafuta wapigaji wa katikati, ikarudi kwa Tikolo

Watu wa Alunguli wanaovuka Lualaba kwa pirogi kuingia Kindu wanajua kama ugumu uko katikati ya mto. Kriketi ya siku moja iko vile vile. Kila timu inarushiwa mipira 300. Wapigaji wawili wanafungua. Wakitolewa mapema, wa inne, wa tano na wa sita ndio wanapaswa kusimama imara, la sivyo timu inazama.

Kenya ilimutegemea mutu mumoja kwa kazi hiyo, Steve Tikolo. Tarehe 20 Machi 2003, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Durban, India ilipata pointi 270. Kenya ikaishia 179, na 56 kati ya hizo zilikuwa za Tikolo.

Musaada ulitoka kwa Collins Obuya, murushaji aliyetoa wapigaji 5 wa Sri Lanka kule Nairobi mwaka huohuo. Polepole akageuka kuwa mupigaji. Tarehe 13 Machi 2011, kule Bangalore, aliipigia Australia pointi 98 bila kutolewa. Zilibakia mbili tu afikishe mia! Lakini Kenya ilishindwa.

Baada ya Kombe hilo Tikolo akastaafu. Vijana wa kushika nafasi yake wako wapi? Mechi na timu kubwa zilikuwa chache, na uvumilivu wa katikati haufundishwi kwa mazoezi peke yake. Mwisho wa 2013 Tikolo akaitwa tena, akiwa na miaka 42. Januari 2014, Kenya ikapoteza haki ya kucheza mechi rasmi za siku moja.